Gololi Zako, Baba Zaina

Mpendwa Baba Zaina,

Barua hii haina bahasha, maana sijui ningeandika nini juu yake. Wewe huna mtaa tena, huna sanduku la posta, huna hata kaburi ambalo ningemwomba mtu aiweke juu yake na kuikandamiza kwa jiwe isipeperuke. Basi naiandika wazi, atakayeiona aisome. Nimekaa kwenye meza yako karibu na dirisha, pale ulipopenda kukaa Jumamosi alasiri jua linapoanza kuingia chumbani kwa upande. Treni ya mizigo imepita sasa hivi, vikombe vimetikisika kabatini, na Zaina hakuinua hata kichwa kutoka kwenye madaftari yake. Amezoea. Mtaa wetu wa Namuwongo ni huu huu uliouacha, ila sabuni haipatikani, sukari haipatikani, na watu wamejifunza kuongea huku wanatazama mlango.

Nataka tukumbuke pamoja, tangu mwanzo, mara hii moja. Baada ya hapo nina jambo la kukuambia.

Nilipoolewa na wewe sikujua kwamba naolewa na mtu wa gololi. Niliambiwa tu kwamba fundi Yusufu anasaga vioo vya miwani katika duka la Mhindi mjini, kwamba hanywi, na kwamba anaswali. Mama yangu akatosheka na hayo. Wiki ile ile ya kwanza mvua ilinyesha hadi alfajiri, na kulipopambazuka ukavaa viatu vya mpira ukaenda kando ya reli. Ulirudi na matope hadi magotini, uso unang'aa kama wa mtu aliyepata mtoto. Ukafungua kiganja. Kulikuwa na gololi moja ya kijani hafifu, rangi ya maji ya mto.

"Ya mtoto gani?" nikakuuliza.

"Si ya mtoto. Ni ya soda."

Nikacheka. Ukanikalisha chini ukanieleza jinsi chupa za soda za zamani zilivyokuwa zimebanwa shingoni, na ndani ya ile shingo kuna gololi inayochezacheza, na soda ikitiwa gesi, gesi inaisukuma gololi juu inaziba mdomo wa chupa. Ukitaka kunywa unaisukuma chini kwa kidole. Watoto wakazivunja chupa kwa ajili ya gololi, ndiyo maana chupa zimekwisha na gololi zimebaki ardhini, mvua inazifukua moja moja. Uliisugua kwa kanga yangu mpya bila kuomba ruhusa. Nikajisemea moyoni, Mungu wangu, nimeolewa na mtoto mdogo. Lakini nilipenda jinsi ulivyonieleza, kwa upole, kana kwamba na mimi nina akili ya kuelewa jambo lolote duniani.

Jumapili tulikuwa tunakwenda sokoni Kalerwe. Wenzetu walikwenda kununua matoke na nyanya. Wewe ulipita hayo yote moja kwa moja hadi kwa Maama Nakato, yule aliyeuza chupa tupu na mikebe, ambaye alikuwa anakuwekea gololi kwenye kikombe cha bati kila anapozikuta ndani ya takataka za watu.

"Ssebo Yusufu, leo dulu zako nyingi!" alikuwa akipaza sauti kutoka mbali, na watu wakageuka kumtazama huyo mwanamume mzima anayenunua dulu za watoto. Wewe hukuona aibu hata kidogo. Ulichuchumaa, ukazimimina kiganjani, na pale pale chini, nguo zangu zikiburuta kwenye maganda ya ndizi, ukanifundisha.

"Usianze na macho," ulisema. "Macho yanadanganywa na rangi. Anza na ukucha."

Ukachukua kidole changu ukakizungusha juu ya kioo polepole mpaka ukucha wangu ukakwama mahali penye ukwaruzo, kama kovu dogo.

"Umesikia hapo? Hicho ni kitovu. Hii ilitengenezwa kwa mkono, Ujerumani, kabla babu zetu Wanubi hawajaletwa huku kutoka Sudani. Mtu alishika fimbo ya kioo cha moto, akaikata kwa koleo, akaizungusha ikiwa bado laini. Alipoikatia pakabaki kovu. Yenye kitovu ilizaliwa, Mama Zaina. Isiyo na kitovu ilimwagwa na mashine."

Hukuniita Mama Zaina siku ile, bado hatukuwa na Zaina. Lakini ndivyo ninavyoisikia sasa.

Ulinifundisha mengine. Zile zenye jani la rangi katikati, kama mboni ya paka, ni za juzi tu, zimejaa madukani, usizihangaikie. Zile zenye nyuzi nyeupe zilizosokotwa ndani kama wavu, izungushe uone kama nyuzi zinafika kwenye kovu, maana fundi wa kweli alizivuta hadi mwisho. Zile zenye alama za mwezi mwandamo juu ya ngozi ziligongwa na nyingine, zilichezewa, na hilo si ubaya. Nilikuuliza kwa nini usizisage kazini zikatoka mpya, mashine si unayo. Ulinitazama kama niliyetukana.

"Nikiisaga nitaondoa kovu. Nikiondoa kovu nitakuwa na tone la kioo tu."

Kisha ikaja ile miezi ambayo redio ilitangaza kwamba Wahindi waondoke. Unakumbuka ulivyorudi nyumbani siku ile hukula. Mzee Jivan alikuwa amekuajiri ukiwa kijana hujui hata kushika kioo, na ndiye aliyekufungulia kwa mara ya kwanza kopo la biskuti lililojaa gololi, ambalo baba yake alilivusha bahari. Kila Jumamosi mkifunga duka mlikaa nyuma, wewe na yeye, mnazitazama kwa lenzi ya dukani, mnabishana. Ndiye aliyekufundisha, nawe ukanifundisha mimi.

Siku ya mwisho alikuja hapa nyumbani kwa miguu, yeye ambaye hakuwahi kutembea zaidi ya kona ya duka lake. Alikuwa amekonda. Alikataa chai. Aliweka kopo juu ya meza hii.

"Fundi, njiani askari watanivua mpaka pete," alisema. "Hizi wataona ni vitu vya kuchezea, watazimwaga barabarani. Afadhali zikae na mtu anayezijua."

Ukamwambia, "Mzee, nitakutunzia. Siku ukirudi utazikuta."

Alikushika mkono kwa mikono yote miwili, kisha akaniangalia mimi na tumbo langu lililokuwa kubwa wakati ule, akatabasamu, akaondoka. Hatukupata habari zake tena.

Zilikuwa nzuri mno, Baba Zaina. Hata mimi niliona. Ulizitandika kwenye taulo jeupe moja moja. Kulikuwa na ile ya samawati iliyozungukwa na mistari ya maziwa. Kulikuwa na ile nyeusi iliyokuwa na mkanda unaometameta kama dhahabu, na ukaniambia ni unga wa shaba uliochanganywa kwenye kioo, si dhahabu, ingawa inadanganya. Na kulikuwa na ile kubwa, isiyo na rangi kabisa, yenye ndege mdogo mweupe wa udongo amekaa ndani yake. Ukiigeuza kidogo kwenye jua, yule ndege aligeuka kuwa wa fedha, kwa sababu ya hewa nyembamba iliyonaswa kumzunguka. Ulizifunga kila moja kwa pamba. Zaina alipozaliwa ulimwonyesha ndege yule kabla hajaweza hata kukaza macho.

Duka akapewa askari mmoja, Meja.

Ulikuwa ukinisimulia jioni habari zake, na mwanzoni tulicheka. Alivyoketi kwenye kiti cha Mzee Jivan akauliza ile mashine ya kusagia inatengeneza nini. Alivyosema umpime macho, ukampima, ukamwambia anaona vizuri, akakasirika. Alivyoagiza miwani myeusi kwa vijana wake wote, na wewe ukakaa wiki nzima unakata vioo vyeusi mpaka mikono ikawa na vumbi la majivu. Wagonjwa halisi walikuja, wazee wasioona njia, ukawaambia vioo vimekwisha.

Maama Nakato aliniambia wakati huo, akinipimia mihogo maana chupa hazikuwapo tena za kuuza, "Nyie Wanubi hamna shida, bambi. Hii selikali si ni yenu? Nani atawagusa?"

Na mimi, nisikufiche, niliamini hivyo kidogo. Askari wao walikuwa wanaongea lugha yetu. Waliswali misikitini mwetu.

Lakini Meja alifungua sefu ya Mzee Jivan akakuta risiti na miwani iliyovunjika. Aliamini Wahindi wote waliacha dhahabu mahali fulani. Akawauliza wafanyakazi mmoja mmoja, na mfagiaji akasema, bila nia mbaya, kwamba Mhindi alimpa fundi kopo. Akakuita. Ukamwambia ukweli.

"Ni gololi, afande."

Akacheka sana. Ulirudi ukanieleza, tukakaa hapa mezani. Nikasema, "Mpelekee moja aione, amalize." Ukaona ni busara. Ukatafuta ipi itampendeza, ipi itamfanya aelewe kwamba hivi ni vitu vya uzuri tu, na ukachagua ile nyeusi yenye mkanda wa shaba. Masikini mume wangu. Wewe uliona ufundi wa mtu aliyekufa zamani. Meja aliinyanyua juani akaona dhahabu.

Jumamosi ile jua lilikuwa zuri. Ulikuwa umemweka Zaina mapajani, gololi nyingine zote ziko juu ya taulo, unamwambia aitafute yenye wavu. Nilikuwa jikoni nachagua mawe kwenye mchele. Nilisikia gari likizimwa nje. Waliingia bila kubisha hodi, vijana watatu, kila mmoja amevaa miwani myeusi, mchana kweupe, majirani wote wakiwa barazani. Niliitambua ile miwani kabla sijawatambua wao kwamba ni nani. Na wewe uliitambua. Uliisaga kwa mikono yako.

"Wewe ndiye Yusufu? Meja naita wewe."

"Nitakuja, ndugu zangu. Niacheni nivae."

"Vaa nini? Toa viatu."

Nilipoona wamekuamuru uvue viatu nilianza kulia, kwa sababu Kampala nzima inajua kwamba aliyevuliwa viatu harudi. Uliniangalia. Ulimshusha Zaina chini taratibu. Ulisema jambo moja tu.

"Mama Zaina, waombe wazifunge kwenye pamba, zisigongane."

Yule mmoja alizikusanya kwenye taulo akazimimina zote ndani ya kopo kwa mkupuo, kwa kelele, pamba akaisindilia juu yake. Wewe ulifumba macho. Kisha wakakuingiza kwenye buti ya gari, wewe mtu mrefu, ukajikunja. Hakuna jirani aliyesema neno. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilisimama mlangoni nimeshika ungo wa mchele.

Niliuliza dukani, nikaambiwa hawajui. Niliuliza kituo cha polisi, afande mmoja wa makamo akaninong'oneza nisiulize tena kwa sauti. Mjomba wangu, ambaye kijana wake ni askari, ndiye aliyepata kujua kwamba uko kilimani Makindye, kwenye kambi ya jeshi. Jumatatu moja, wiki tatu tangu wakuchukue, nikamwacha Zaina kwa jirani nikapanda kilima kile. Nilivaa busuti yangu ya harusi, sijui kwa nini. Labda nilitaka waone kwamba una watu.

Walinisimamisha getini hadi adhuhuri. Kisha wakaniingiza ofisini kwa Meja. Kopo lilikuwa juu ya meza yake. Nilipoliona nilifurahi, nikaona kama nimekuona wewe.

"Mume yako nasema hii ni gololi," alisema.

"Ni gololi, afande. Ni vioo tu. Alipewa na mzee atunze."

"Mutu mukubwa anaweka gololi kwa pamba?" Aliniuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kuelewa. "Mimi nilicheza gololi. Nilitia kwa mufuko ya suruali. Hii iko na pamba. Iko na dhahabu ndani. Muhindi alileta kwa nyumba yako na miguu. Wewe nafikiri mimi ni mujinga?"

Ningemwambia aende kwa sonara apimiwe. Lakini sonara yupi? Mji mzima hauna mtu wa kutofautisha kito na chupa. Waliovijua wote wamefukuzwa. Ndipo nikasema neno ambalo nilidhani litakuokoa.

"Afande, nipe nyundo. Nitakuonyesha."

Akamtazama askari wake. Nyundo ikaletwa. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, nikachagua ndogo ya kijani, ile ya soda, uliyoiokota wiki yetu ya kwanza. Ulikuwa umeichanganya na za Mzee Jivan. Nilipiga mara moja ikapasuka.

"Umeona, afande? Kioo."

"Hiyo ni ya uongo," akasema. "Wewe navunja ya bei rahisi, naacha ya kweli. Vunja hii."

Ikawa ile ya samawati. Halafu yenye wavu. Halafu ile nyeusi ya mkanda wa shaba, na hapo aliinama kabisa kutazama, akaokota vipande, akavisugua kwa kidole, na unga wa shaba ukamng'aa kwenye ncha ya kidole kisha ukatoka alipojifuta kwenye suruali. Nilidhani tumemaliza. Akakaa kwenye kiti chake.

"Muhindi ana akili," akasema. "Alificha almasi moja katikati ya vioo. Almasi hapana vunjika. Vunja yote. Ile itabaki, hiyo ni yangu, na wewe nachukua mume yako."

Nikazivunja, Baba Zaina. Zote. Sijui niliendelea muda gani. Vipande viliruka vikanichoma viganjani na kwenye shavu, askari alirudi nyuma akijikinga macho kwa ile miwani yako. Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata mama yangu. Nilipofika katikati nilianza kuomba. Kila nikinyanyua nyundo nilisema, Yaa Rabbi, hii isipasuke. Ifanye hii iwe almasi. Nilijua vizuri kabisa kwamba ni vioo, wewe ndiye uliyenifundisha, nilijua kila moja ilitoka kwenye fimbo gani ya moto, na bado niliomba moja tu isivunjike, niwe na kitu cha kumpa yule mtu. Zikavunjika zote.

Yule ndege nilimwacha wa mwisho. Nilimwambia Meja, "Hii ina ndege ndani, afande, ya mtoto wangu." Aliigeuza kwenye mwanga kama wewe ulivyokuwa ukiigeuza, na kwa kitambo kidogo nikaona uso wake umelegea, nikadhani ataniachia. Akanirudishia. "Vunja."

Kioo kilipasuka vipande vinne. Ndege alikuwa udongo mbovu tu, mkavu, hakuwa na hata macho. Nje ya kioo hakuwa wa fedha.

Meja akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi, "Haya, mama. Enda nyumbani. Mutu wako anakuja."

Niliamini. Nilishuka Makindye nakimbia, damu mikononi, na watu njiani wakanipisha. Nilipita kwa Maama Nakato nikapata samaki mkavu kwa mkopo. Nilipika. Nilipasha maji ya kuoga. Nilimvalisha Zaina gauni la Idi. Nilijua utasikitika kuhusu gololi, nikapanga maneno ya kukuambia. Jua lilishuka, chakula kikapoa, nikakipasha tena.

Hukuja. Niliporudi kule Jumatano, askari wa getini alifungua daftari lake akapitisha kidole, akasema hakuna mtu wa jina hilo, hajawahi kuwapo. Nikamwambia juzi niliingia humu humu. Akaniambia kwa Kinubi, lugha yetu, "Dada, nenda ukalee mtoto."

Mwaka ulipita ndipo alipokuja Musoke, dereva wa lori. Alikuwa amekamatwa kwa chumvi ya magendo akaachiliwa. Alikaa kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu, amenyoosha mguu mmoja usiokunjika. Aliniambia mlikuwa chumba kimoja. Walikupiga kila siku wakitaka useme almasi iko wapi, na kila wakikurudisha wenzako walikusogezea ukuta uegemee. Ili wasisikie sauti za vyumba vingine wakakuomba uwasimulie chochote, nawe ukawasimulia gololi. Bila kuwa na hata moja mkononi. Ukawaelekeza wakunje vidole kana kwamba wameshika moja, watafute kitovu kwa ukucha.

"Alitufundisha zote," Musoke alisema. "Mimi, nyabo, sijawahi kumuona huyo ndege, lakini namjua."

Nikamuuliza walikutoa lini. Alikuwa na hakika. Ilikuwa Ijumaa, siku tatu kabla sijapanda kule, adhana ya mchana ikiita. Waliita jina lako na majina ya wengine. Ulimwachia Musoke shati lako kwa kuwa lake lilikuwa limechanika. Lori liliwashwa uani, likarudi tupu kabla ya alasiri.

Ijumaa. Mimi nilipanda kilima Jumatatu. Meja aliniangalia navunja moja baada ya nyingine huku akijua kwamba hakuna wa kurudishwa. Alitaka almasi yake tu.

Tangu hapo nimejaribu kuzikumbuka. Jioni nikimaliza kazi hukaa hapa nikazipanga kichwani kama zilivyokuwa kwenye taulo. Zamani niliweza kumaliza safu zote. Sasa kuna mapengo. Najua palikuwa na moja yenye utepe wa waridi, lakini sikumbuki ulipinda kulia au kushoto. Na Baba Zaina, ni hivyo hivyo na uso wako. Nakumbuka mikono yako vizuri, ukucha uliopasuka, vumbi la kioo kwenye mistari ya kiganja. Uso ninaukosa. Hatukuwahi kupiga picha ya pamoja. Ulisema baada ya Idi.

Watu wananiambia nina subira. Sina subira yoyote. Nimekauka tu. Naswali kwa sababu miguu imezoea. Siamini kwamba serikali hii itaondoka, na hata ikiondoka sioni itanirudishia nini. Meja bado yupo. Nilimwona mjini, amenenepa, anampakia mtoto wake kwenye gari, anamfunga kamba za viatu. Niliwaza nimsogelee nimuulize lile lori lilikwenda upande gani. Barabara ipi tu. Nikageuka nikashika njia ya nyumbani.

Sheikh alinipa ruhusa tangu mwaka jana. Alisema muda wa kumngoja mtu aliyepotea umetimia, na ushahidi wa Musoke umesikilizwa. Nikitaka, naweza kukaa eda. Nilikataa. Niliona nikikaa eda ni mimi nitakayekuwa nimekuua, kwa kinywa changu, wakati wao waliokuua hawajawahi hata kukubali kwamba ulikuwapo.

Lakini juzi Zaina alirudi shuleni akasimama hapo mlangoni, hakuvua hata mkoba. Mwalimu alikuwa amewauliza watoto baba zao wanafanya kazi gani.

"Nikasema baba yangu amesafiri," aliniambia. "Mama, nikisema hivyo nadanganya?"

Nilimwangalia. Ana shingo yako. Nilifungua kinywa kumwambia hapana, mwanangu. Badala yake nikamwambia, "Ndiyo, Zaina. Unadanganya. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Hakulia. Alisema tu, "Nilijua," akaenda kunawa mikono. Tangu lini alijua, peke yake, katika nyumba hii hii, akinisikiliza nikimwambia asifunge mlango kwa komeo la ndani, baba asije akarudi usiku akakosa kuingia?

Hilo ndilo nililotaka kukuambia. Mama yako nimemtumia habari, atafika leo na dada zako. Nguo zimefuliwa. Kuanzia kesho nitakaa eda yako, miezi minne na siku kumi kama ilivyoamriwa, bila jeneza, bila sanda, bila mtu wa kuniambia ulilazwa ukielekea wapi. Watu watakuja wakae chini waseme pole, na mimi kwa mara ya kwanza nitaitikia.

Mume wangu, sikungoji tena. Usinichukie. Leo magharibi nitafunga komeo.

Mkeo mpaka jioni hii, na kuanzia kesho mjane wako,

Mama Zaina